Koki Nne za Mama Bisibisi

Wauguzi walimwita shangazi yangu Mama Bisibisi, kwa kuwa hakuonekana bila bisibisi mfukoni, hata msibani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mashine za hospitali, katika kichumba nyuma ya chumba cha kufulia, ambako kuta zilitoka jasho mwaka mzima.

Wodi ya watoto njiti ilikuwa na mashine moja nzima ya oksijeni. Nguvu yake ilitosha watoto wanne, ila ilikuwa na mdomo mmoja. Shangazi akatengeneza bomba fupi la shaba lenye koki nne, kila koki na kipimo chake. Alilijaribu miezi saba kwenye ndoo za maji kabla ya kumwonyesha daktari wa watoto. Daktari alilipima mara tatu, akamuuliza, "Dada, hiki kitu kilikuwa wapi siku zote?"

"Kilikuwa kinasubiri mniulize."

Mganga mkuu aliruhusu litumike kwa majaribio, chini ya uangalizi wa fundi aliyelitengeneza, maadamu yuko kazini, mpaka ofisi ya vifaa tiba itoe kibali kamili. Shangazi akajaza fomu. Baada ya miezi mitano akajibiwa alete cheti cha mamlaka ya nchi kilikotengenezwa kifaa. Akaandika kwamba kimetengenezwa hapa hapa. Vyema, wakajibu, basi alete cheti cha mamlaka ya hapa. Mamlaka ya hapa ni wao wenyewe.

Akaenda mwenyewe. Karani, mtu mpole, alicheka naye, kisha akamweleza kwamba fomu ile ilitungwa kwa ajili ya vitu vinavyotoka nje, na yeye hana ruhusa ya kuongeza mstari wa vitu vya hapa. Wenye ruhusa ni kamati, nayo hukutana mara mbili kwa mwaka, akidi ikitimia.

Mstari mmoja! Haikuhitajika maabara mpya wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Ilihitajika sheria ya kumlazimisha mtu mwenye kalamu ajibu ndani ya siku tisini. Kila siku tunahimizwa tubuni. Hakuna anayehimizwa kutujibu.

Miaka miwili ikapita, shangazi akatimiza sitini. Aliomba aongezewe mwaka, akaambiwa nafasi yake imefutwa. Ruhusa ya majaribio ilikuwa imefungwa kwake, si kwa kifaa. Akiondoka, koki nazo ziondoke.

Ijumaa yake ya mwisho, asubuhi, aliingia wodini kulitoa bomba kwenye mashine. Watoto watatu walikuwa wakilitumia. Muuguzi wa zamu akasimama kati yake na mashine.

"Liache, Mama. Nani atajua?"

"Likikwama Jumapili, utaulizwa wewe."

"Na leo je, niwachomoe wawili wepi?"

Shangazi aliwatazama wale watoto mmoja mmoja. Halafu akachukua daftari la wodi, akaandika kwamba ameliacha bomba kwa uamuzi wake mwenyewe, akatia sahihi, akaenda nyumbani.

Barua ya kumtaka ajieleze ilimfika baada ya siku tisa. Kwa hilo kamati haikuhitajika. Bomba lilikuwa limeshang'olewa na kufungiwa stoo kama kielelezo.

Nilipomrudishia khanga aliyoisahau hospitali, hakuniuliza habari za barua wala za mafao. Aliuliza wodini kuna wangapi wa oksijeni leo.

Nikamwambia, watatu.

Akaichukua khanga, akaanza kuikunja.