Karte ya Nesi Blessings

Pwani yote ya Kashikishi hakuna mutu mwenye kujua kunusa uongo kama Papa Michée Mwenze. Na kama hamuamini, mumuulize yeye mwenyewe. Tangu avuke ziwa Mweru na mutumbu, boti ya muti, kutoka Congo, hata kunguru akitua karibu na chisense yake, samaki wadogo wa kuanika mchangani, anamuangalia kama ametumwa.

Sasa muke wake, Mama Léonie, ana sukari, na kidonda cha muguu kinakataa kupona. Nyuma ya soko kuna kliniki mupya: dawa ziko ndani, mulango umefungwa mwaka wa pili. Makansela, wakubwa wa muji wenye kupiga kura ya kuifungua, hawapatani. Hawa wanasema matunzo ni haki ya kila mwenye pumzi. Wale wanasema wenye nchi kwanza, wageni baadaye. Kila mukutano nusu yao wanatoka nje na hasira, kura haipigwi, wanakunywa Fanta, wanarudi kwao.

Asubuhi moja akafika nesi wa ile kliniki, Blessings, na daftari.

“Ba Michée, tunaandika wagonjwa wote, wageni na wenyeji. Wakiona wingi wa majina, watapata haya ya kukimbia mukutano.”

“Liste?” Michée akacheka kwa pua. “Mama, mi nilishaandikwa kule ng'ambo. Kesho yake askari walijua nyumba yangu kuliko mbuzi wangu. Nani alikutuma? Hawa ao wale?”

“Hakuna. Nimechoka tu kulinda jengo la popo.”

“Mutu wa kuchoka bure, mi simujui.”

Léonie, muguu juu ya gunia, akakunja uso. “Papa, acha kiburi. Muguu ni wangu.”

Hapo Michée akafuata desturi ya wauza samaki. Mwenye boti akibeba mizigo yako kupeleka ng'ambo, anakuachia karte yake ya kitambulisho mpaka arudi.

“Bon. Unabeba jina la muke wangu? Acha karte.”

Blessings akashika mufuko wake. “Bila karte sipigi kura ya uchaguzi mwezi wa nane.”

“Ndio vizuri hivyo. Utafanya haraka.”

Nesi akaitoa, akamupa. Michée akalinganisha picha na uso mara mbili, akaikwaruza kwa kucha, akaiweka ndani ya kofia.

“Andika,” Léonie akasema. “Nkulu Léonie. Sukari.”

Michée akakohoa. “Na Mwenze Michée. Presha.”

Muke wake akageuka. “Una presha, wewe?”

“Tangu mwaka jana.” Akainama karibu na daftari. “Mama nesi, jina langu uliandike kwa herufi ndogo-ndogo.”