Msalaba wa Nta kwa Mtu wa Nchi Kavu

Giza lilipoingia, Barba Malgorn alikomea mlango, akazima taa, akakaa kungoja. Hakuna aliyemwambia kitu. Ila mchana kutwa jirani yake Annaig hakumtania. Miaka ishirini wamechimba pamoja mabonge ya udongo wa nyasi ya kuwashia moto, na hakuna siku Annaig aliyoacha kulicheka jembe lake. Leo alimbebea kikapu mpaka mlangoni, akamtakia usiku mwema bila kumtazama usoni.

Kisiwani Ouessant, pwani ya Ufaransa, mfiwa huwa wa mwisho kujua. Karatasi ya kifo hufika kwa meya, meya humwita mwanamume wa ukoo, majirani hunong'onezana. Usiku mwanamume huyo hugonga dirisha mara tatu na kutangaza proela, yaani mkesha wa kuuombea msalaba mdogo wa nta, badala ya maiti ambayo bahari haikuirudisha. Barba alishagongewa mara mbili: kwa baba yake, kisha kwa mumewe.

Gwenole, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka mitano usiku ule wa mumewe. Aliugusa msalaba mezani, akauliza mbona baba amekuwa mdogo hivi.

Alikua mtoto wa kutapika hata ndani ya mashua iliyofungwa gatini. Wenzake walimwita Kondoo, na kweli kondoo ndio aliowapenda, wao na kuta za mawe alizowajengea kuwakinga upepo. Lakini vijana wote wa kisiwa huchukuliwa na jeshi la maji, naye akachukuliwa. Barba hakuonja usingizi. Kisha vita vikaanza, mabaharia wasio na meli wakapewa bunduki na kupelekwa Ubelgiji. Barua ikaja: "Mama, sasa mimi ni askari wa miguu. Natembea kwenye matope siku nzima na sitapiki. Viazi vya huku ni vikubwa kuliko vyetu."

Barba alipeleka mshumaa kanisani siku hiyohiyo. Kisimani aliwaambia wanawake kwamba mwanawe hatakufa maji. Annaig akasema Kondoo hatimaye amepata malisho, wakacheka wote.

Dirisha liligongwa mara tatu.

"Mama Gwenole." Ilikuwa sauti ya Jozon, shemeji yake, aliyemsimamia Gwenole ubatizoni. "Nifungulie. Proela iko kwako usiku huu."

"Umekosea nyumba, shemeji."

"Sijakosea."

"Proela ni ya watu wa bahari. Mwanangu yuko nchi kavu. Kamuulize padri."

Nje alisikia viatu vya wanawake kwenye changarawe, wengi, vimezunguka mpaka upande wa zizi. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja na kidirisha ambacho hata paka alikipita kwa shida. Barba alilishika komeo kwa mikono miwili. Maadamu hawajaingia, meza ni meza ya kulia tu.

Jozon alitoka dirishani, akausogelea mlango. Kisha akaanza kueleza polepole, mdomo karibu na ubao wa mlango. Alisema Wabelgiji waliifungua milango ya mifereji ili kuwazuia Wajerumani, na maji yakafunika mashamba yote. Gwenole alikuwa zamu kwenye shimo la askari la mbele kabisa. Wenzake walimwona akianguka kwa risasi, lakini hawakuweza kumfuata. Kulipopambazuka, shimo lenyewe halikuonekana.

"Maji gani?" Barba aliuliza.

Akaweka sikio kwenye ubao.

"Nakuuliza, Jozon. Maji ya mto?"

"Ya chumvi, shemeji. Ni bahari waliyoifungulia."

Barba aliliachia komeo. Alipapasa gizani mpaka mezani, akaondoa bakuli na kisu, akafuta makombo kwa kiganja. Kutoka kabatini alitoa kitambaa cheupe, kilekile cha mumewe, akakitandika na kukinyoosha pembe zote nne. Akawasha taa.

Alirudi mlangoni, akalivuta komeo. Lilitoka nusu tu, likakwama. Ikabidi Jozon asukume kutoka nje, mpaka mlango ukafunguka.