Trela la Kukunja na Kifo cha Mjomba Silvesta

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ile ya korona, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na wengine, maana kila nikienda kwenye ubatizo hapa Sydney lazima atokee mtu aniulize, "Ati ni wewe uliyemzika mjomba wako akiwa hai?" Sikumzika. Nilimuua tu, tena kwa sentensi moja, na yote yalianza na trela.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mipaka imefungwa, ndege hakuna, na mimi ni mtu ambaye nikikaa mahali pamoja muda mrefu miguu inaniwasha (nimezaliwa Burundi, nimekulia kambini Kigoma, nimefanya vibarua Mpanda na Kahama, na hata hapa Sydney nimeshahama nyumba mara nne). Basi nikawa napekua matangazo kwenye simu, ndipo nikaliona: trela la kukunja, la zamani, lile ambalo likifungwa ni sanduku tu lenye magurudumu, lakini ukizungusha mkono wa chuma paa linapanda, vitanda vinachomoka huku na huku, na kuta zake zote ni turubai. Turubai! Nikaisikia mvua ya kambini ikipiga juu ya kichwa changu. Sijui kwa nini moyo wa binadamu unapatamani hata pale ulipoteseka.

Tatizo lilikuwa mke wangu, Konsolata. Nilipowahi kumtajia habari za kwenda kulala porini alinitazama kama nimemtukana. "Nimelala chini ya turubai miaka kumi na mmoja," akasema. "Divine nimemzaa chini ya turubai. Siku ninapanda ndege niliapa, Baba Divine, na wewe ulikuwepo."

Kweli nilikuwepo. Kwa hiyo nikalinunua kimyakimya.

Mpango ulikuwa mzuri tu: nilichukue kwa mzee mmoja wa Kizungu upande wa Penrith, nilifiche Smithfield kwenye uwanja wa rafiki yangu wa kazini, halafu nimlainishe mama wa watu polepole, hata kama ni mwaka mzima. Lakini nilipokaribia Smithfield nikajiambia, Konsolata yuko Westmead kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, harudi kabla ya saa kumi na moja, acha nilipitishe nyumbani Macquarie Fields nilifungue dakika kumi tu, ninuse. Dakika kumi!

Nikaliegesha mbele ya nyumba, nikatoa viti sita vya plastiki vilivyokuwa ndani, nikavipanga kwenye majani, nikazungusha ule mkono, paa likapanda kama mfalme. Nikaingia, nikalala chali, nikanusa. Jamani, lilinuka utoto wangu. Nilipotoka kulifunga nikasikia "ta!", waya wa chuma umekatika ndani huko, na paa limekwama juu, halishuki wala halitikisiki. Nikalisukuma, nikalipiga teke, nikaliombea. Mwishowe nikakaa kwenye kiti kimoja nimeshika tama, macho chini.

Sasa nitazameni kwa macho ya mpita njia. Kwetu turubai likisimama mbele ya nyumba, na viti vimepangwa nje, na si Jumamosi ya harusi (na mwaka ule harusi zenyewe zilikuwa hazipo), mtu haulizi kama kuna msiba. Anauliza ni nani.

"Yesu wangu! Baba Divine, ni nani?"

Alikuwa Mama Neema, mama wa Bukavu anayekaa mtaa wa nyuma, rafiki mkubwa wa Konsolata na redio yetu sote. Amesimama barabarani na mifuko ya sokoni, barakoa imeshuka kidevuni kwa mshtuko. Nami nikaona wazi kwamba nikimwambia hili ni trela, Konsolata atajua kabla mama huyu hajafika kwenye kona.

"Ni Mjomba Silvesta," nikasema.

Kwa nini yeye? Sijui. Ni ndugu ya mama yangu, yuko Kigoma, ana nguvu kama dume la ng'ombe. Ndiye aliyenisimamia kwenye posa, na Konsolata anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ndiye aliyekuja kwanza mdomoni.

"Konsolata usimwambie," nikaongeza haraka. "Yuko kazini. Nitamwambia mwenyewe."

"Naelewa, shemeji, naelewa kabisa," akasema, huku kidole chake tayari kiko kwenye simu.

Haikupita saa moja, magari yakaanza kufika. Na kwa vile mikusanyiko ilikatazwa, watu hawakushuka, waliegesha upande mmoja wa barabara mpaka kule mwisho, wakafungua vioo na kuanza kuimba pambio za msiba, gari la mbele likianzisha na la mwisho likichelewa neno moja nyuma. Sufuria za maharage na ndizi zilipitishwa dirishani na kuachwa getini. Gari la polisi likaja, nikajua nimekwisha, lakini Mama Neema akawahi kulieleza, na askari akavua kofia, akaniambia anasikitika sana kwa kuondokewa, akaomba tu watu wasishuke. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru askari kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakunywa uji Kigoma.

Kisha nikamwona Konsolata akitokea upande wa stesheni, na sare yake ya kazi, anakuja mbio. Alipita trela kama halipo, akaniangukia kifuani na kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama yake afariki. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo. Nikampapasa mgongo.

Simu yake ikalia. Picha ikajaa uso wa Mjomba Silvesta, mswaki mdomoni.

"Konsolata, mwanangu, nasikia nimekufa. Nimekufa na nini?"

Konsolata alipiga yowe, simu ikaruka, Mama Neema akaidaka. "Shindwa!" akaiamrisha.

"Nishindwe na nani? Hebu nigeuzie simu niwaone waliokuja kunililia." Akageuziwa. Gari baada ya gari, watu wakampungia mkono. "Mpwa wangu Yona simwoni. Yona hakuja? Haya, nimejua. Na hilo turubai, mmelikodi wapi? Zuri!"

Watu wote wakaligeukia, na Konsolata naye, kwa mara ya kwanza. Akalitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Lina magurudumu," akasema.

Akanigeukia.

"Baba Divine. Hili ni la nani?"

"Letu," nikasema.

Mama Neema akaenda getini, akachukua sufuria yake na kuondoka. Wengine wakamfuata, vioo vikipanda kimoja kimoja. Konsolata hakunifokea, na laiti angenifokea. Alisema, "Kwa turubai ningenuna wiki moja, yangekwisha. Lakini umeniacha nimlilie mtu aliye hai kwenye treni, kutoka Westmead mpaka hapa, nimebadilisha treni nikilia, watu wasionijua wananipa tishu." Akaingia ndani. Siku tisa aliongea nami kupitia Divine, na Divine akanitafsiria kwa Kiingereza.

Siku hizo tisa nilipita nyumba kwa nyumba, nimesimama getini na barakoa yangu, nikiungama: mjomba hajafa, nilinunua trela. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Mjomba mwenyewe alinisamehe mapema, ila Yona, aliyekosa msiba wake, amekataa kabisa kumsamehe.

Waya niliutengeneza, nikalitangaza trela. Mteja alifika Jumapili, kijana wa Kikongo mwenye macho yanayong'aa, akaingia ndani, nikamsikia akivuta pumzi ndefu, akatoka na kusema analichukua leo leo.

"Umeoa?" nikamuuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Rudi naye."