Jina la Baba Kwenye Orodha ya Kipaimara

Notburga, karani wa parokia yetu ya ufukweni, alikulia kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani. Akaenda Mbinga kusomea ukarani, akarudi anajua kuandika programu za kompyuta. Daftari la ubatizo lililotafunwa na mende akaligeuza kuwa programu kwa Java, lugha ya kompyuta, peke yake. Wanakwaya tulimtania kwamba hata Mtakatifu Petro atamwomba nakala.

Kila hatua alimwonyesha Mwalimu Hamphrey, anayefundisha kompyuta sekondari, rafiki yake wa kufa na kuzikana na msimamizi wa ndoa yake na mumewe, Tarsisi. Kwenye Java, taarifa iliyoandikiwa "public", yaani ya wote, husomwa na sehemu yoyote ya programu. Iliyoandikiwa "private", yaani ya faragha, husomwa ndani ya darasa lake tu, yaani fungu la programu ilimowekwa. Sehemu nyingine hupitia njia aliyoiacha mwandishi. Jina la baba mzazi lilikuwa private. Orodha ikiomba jina la baba, njia ile ilitoa la baba mlezi kama yupo.

"Hapa usiguse, Mwalimu," alimwambia, akampa na sababu. Stella, binti yake, hakuzaliwa na Tarsisi. Tarsisi alijua. Stella hakujua, angeambiwa akimaliza kidato cha nne.

Mwaka huu Notburga aliugua wiki nzima, Padre akampa Hamphrey kazi ya kuandaa orodha ya kipaimara. Hamphrey akaandika mstari wa kuchukua jina la baba mzazi moja kwa moja. Kompyuta ikakataa. Njia aliyoonyeshwa aliiona ndefu, akafuta "private", akaweka "public". Jumapili orodha ikabandikwa kwenye ubao wa kanisa, na mbele ya jina la Stella likasomeka, badala ya la Tarsisi, jina la mvuvi mmoja wa kijiji cha Chiwanda.

Mimi hasira haijaniisha. Neno lile "private" si kufuli. Aliyepewa programu anaweza kulibadilisha muda wowote. Ni ombi la mwandishi kwa mwandishi mwenzake, na huyu alijua vizuri anaombwa nini.

Baada ya misa Notburga alimkuta Hamphrey ubaoni. Hakumsalimu.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Ilikuwa inakataa, dada. Nilikuwa na haraka."

"Ilikataa kwa sababu niliiambia ikatae! Siri hii nilikupa wewe, miaka mitatu sasa. Hata dada zangu sikuwaambia!"

Notburga akaibandua ile karatasi, akageuka. Stella alikuwa amesimama nyuma yao.

"Mwalimu ulimwambia kwa mdomo wako, Mama," alisema. "Mimi nimesoma ubaoni."