Dirisha Lililozibwa na Kabati, Magunia na Mzee

Mwaka wa kwanza wa vita, watu wa Kismayu waliyaogopa madirisha. Kila mwenye dirisha alilisukumia kitu: godoro, mlango wa zamani, magunia ya mchanga, friji iliyokwisha kusahau umeme. Na huo ndio mwaka ambao mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulianza kazi ya kuosha madirisha.

Hatukuwa na akili nyingine. Tulikuwa mafundi wa mashua kutoka kisiwa cha Koyama. Wenye bunduki walipochukua mashua zote, hata ile ambayo haijapigiliwa mbao za juu, tulikimbilia mjini na mama yangu, mke wangu mwenye mimba ya miezi saba, ubao mmoja na kamba mbili. Ubao ule ndio tuliokuwa tukiukalia tunapofanya kazi ubavuni mwa chombo. Tukaona nyumba nazo zina ubavu.

Mteja aliyetuweka roho juu alikuwa mama mmoja mjane, mfanyabiashara, mwenye nyumba ya ghorofa iliyotazama bandari, na pia mwenye jahazi la mashine lililokuwa likienda Mombasa. Wageni wa shirika moja la misaada wangekuja alasiri kuitazama nyumba ile waipange, naye hakutaka waikute giza. Tukapatana: madirisha matatu ya juu yang'ae kabla ya alasiri, na mama yangu na mke wangu wapande jahazi siku hiyohiyo. Nafasi zilikuwa mbili tu. Mimi na shemeji tungebaki. Tulikubali kabla hajafunga mdomo.

Madirisha mawili yalikuwa na magodoro tu. Tuliyaondoa, tukaning'iniza ubao, tukaosha kwa ndoo za maji ya bahari, kwa sababu kwetu hakuna chombo kinachooshwa kwa kitu kingine. Jua lilipoyapiga, vioo vikawa vyeupe kama vimepakwa chokaa. Shemeji alikiramba kimoja, akatema chumvi. Mjane alipanda ngazi, akatazama, akauliza kama tunaosha madirisha au tunakausha papa.

Maji matamu yote ya nyumba ile yalikuwa ndani ya madumu mawili, nayo madumu yalikuwa chini ya kitanda cha baba mkwe wake, katika chumba cha dirisha la tatu, lile pana. Nilisimama mlangoni nikayaweka mambo kwa mpangilio, kama ilivyo tabia yangu. Kwanza kioo. Kisha magunia kumi na moja ya mchanga. Kisha kabati la milango mitatu. Kisha kitanda, kimebanwa kwenye kabati. Kisha mzee, chali, redio kifuani.

Nilimwita adeer, baba mdogo, kama Wasomali wanavyomheshimu mtu mzima, nikamwomba atupishe. Alisema kabati lile limemhifadhi tangu risasi ya kwanza, na halitasogea mpaka redio iseme vita vimekwisha. Shemeji akaomba maji peke yake. Mzee akasema maji ni ya udhu, na anayeosha kioo kwa chumvi aanze kuosha kichwa.

Mke wangu alikuwa amepanda kutuuliza kama afunge mizigo au aifungue. Mzee alilitazama tumbo lake, akauliza nani anasafiri. Nikamweleza habari ya zile nafasi mbili.

"Kumbe ni safari," alisema. "Nyinyi mmekuja kuniambia habari za madirisha." Akazima redio. "Haya, nisogezeni. Lakini sishuki."

Kitanda chenye mtu hakibebeki na watu wawili. Shemeji aling'oa fito za mapazia, maana hakukuwa na mtu aliyehitaji mapazia tena, akazipanga sakafuni kama magogo tunayotumia kushushia mashua majini. Tukainua miguu ya kitanda kwenye ubao wetu na ubao wa rafu, tukasukuma. Na kwa kuwa hatujui kusukuma kimyakimya, shemeji alianza kuitikisha wimbo wa kushushia mashua, kama tupo ufukweni. Mara ya pili mzee ndiye aliyeitikisha, tena kwa sauti kubwa kuliko yetu, ameshika redio kama usukani. Alivuka chumba chote akitoa amri za kulia na kushoto, akagonga ukuta, akaomba arudishwe aanze upya.

"Mchu huyu atatuua," shemeji aliniambia kwa Kibajuni chetu, machozi ya kicheko yakimtoka.

Kabati lilifuata njia ileile. Magunia tuliyabeba. Kwa madumu yale tuliyarudia madirisha mawili, kisha tukalisugua lile pana kwa kitambaa na ndimu, na mwanga ukaingia mpaka miguuni mwa mzee.

"Jahazi letu linakwenda wapi?" mzee aliuliza.

Tukageuka. Nahodha alikuwa anang'oa nanga, na alasiri bado. Mjane, aliyekuwa amepanda tena kukagua, alilifungua dirisha, akamwita kwa jina la mamake, na bandari nzima ikanyamaza. Nanga ikarudi majini. Mama yangu na mke wangu walikimbia na mizigo, wakapakiwa kwenye mtumbwi wa hori, wakavutwa juu, na jahazi likaondoka tena.

Nilibaki dirishani. Sikutaka kulia mbele ya shemeji, kwa hiyo nikapunga mkono kwa nguvu, nacho kitambaa bado nimekishika. Jahazi likapunguza mwendo. Likageuka. Nahodha alikuwa amekwisha kutishwa mara moja kutoka dirisha lile, na hakutaka mara ya pili.

Mjane aliniangalia mimi, akaangalia kitambaa, akaangalia jahazi lake likirudi.

"Pandeni na nyinyi," alisema. "Mkibaki hapa halitafika Mombasa."

Tulishuka ngazi mbilimbili, hata ubao tukausahau. Huku nyuma mzee alikuwa anakataa kabati kurudishwa dirishani. Tulipofika chomboni, mama aliuliza ni nani atakayeyafunga madirisha yale jioni. Shemeji alikuwa anamweleza nahodha jinsi mzee alivyoshushwa majini kama mashua, na mke wangu ameshika tumbo kwa mikono miwili, akimwomba kakake anyamaze, yeye asije akazaa kwa kicheko hapohapo.