Chumba Kilichoombewa

Asubuhi moja nilitoka mtaa wa Westlands bila mpango, nikapita mtaa wa Lavington kwa miguu nikijiuliza kama ulimwengu ulibuniwa au ulitokea tu. Niliacha shule mapema, na swali kama hilo sikupata wa kumuuliza.

Nilipofika mtaa wa Waithaka niliulizia chumba cha kupanga, nikaonyeshwa kimoja cha mabati. Mpangaji aliyetangulia alilala na jiko la makaa likiwaka ndani, hewa yake ikamuua usingizini.

"Ni mpango wa Mungu, kijana wangu," alisema mama mwenye nyumba, akaanza kukiombea chumba kabla ya kunipa ufunguo. Nilifumbua macho katikati ya maombi. Dirisha lilikuwa limepigiliwa bati.

"Mama, nani aliziba dirisha?"

"Ni mimi. Wezi walikuwa wanaingiza mkono."

Sikuwa na pengine pa kulala. Nilipokea ufunguo, nikamwomba nyundo ya kung'oa lile bati.