Punda wa Baba Mkwe

Ukitaka kumjua Fundi Kwato, mwangalie mikono kabla ya uso. Vidole vimekakamaa, ukucha wa dole gumba umepasuka tangu zamani, na kiganja cha kushoto kina kovu alilolipata siku punda alipokataa kukatwa kwato, kisu kikamkata yeye. Kazi yake ndiyo hiyo: kuwakata na kuwapiga tupa kwato punda ambao hakuna anayewataka. Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea kitambo. Hata mkewe humwita Fundi.

Kituo chao cha kutunzia punda kiko pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja kilichokuwa karakana ya malori. Mpaka leo sakafu ya zizi ina madoa ya oili, na punda hunusa yale madoa kila asubuhi kama watu wanaosoma tangazo. Tangu pikipiki za magurudumu matatu zilipoanza kubeba maji na saruji, wenye mikokoteni waliwageuka punda wao. Mmoja atamfungua wake kamba na kumwacha jalalani, mwingine atamtelekeza barabara kuu ili gari limalize kazi. Ukiwauliza, watu hao hao watakwambia shukrani ya punda ni mateke. Punda amebeba maji miaka kumi na miwili, ametupwa na kidonda mgongoni kipana kama sahani. Sasa hapo nani aliyempiga mwenzake teke?

Aliyeanzisha kituo ni daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Huwatibu, huwanenepesha, kisha huwatafutia watu wa kuwachukua. Masharti yake ni mengi, lakini lililoandikwa kwa rangi nyekundu ukutani mwa ofisi ni moja tu: walioingia wawili hutoka wawili. Punda si mbuzi. Waliovuta mkokoteni mmoja kwa miaka hawatengani hivi hivi. Ukimwondoa mmoja, mwenzake husimama akasikiliza, kisha huacha kula. Na punda akisusa chakula siku chache tu, mafuta ya mwili wake humwagikia kwenye damu, ini linalemewa, anakufa na majani yako mbele yake.

Fundi Kwato aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni, tena kwa ukali. Akija mtu kutaka "huyo mmoja tu, mwenye afya," Fundi humkatiza: "Wewe ukienda kununua viatu, hununua kimoja?" Watu hucheka, hutahayari, huchukua wawili au huondoka mikono mitupu.

Kulikuwa na wawili waliookotwa pamoja kwenye machimbo ya kokoto, Karani na Tarishi. Karani alikuwa mweusi mwenye pua nyeupe, akitembea kwa madaha utadhani amebeba mafaili ya serikali. Tarishi, wa kijivu, alikuwa nyuma yake hatua mbili popote aendapo. Ukitaka kumkata Karani kwato, sharti Tarishi aletwe asimame mahali anapoonekana, la sivyo hukati kitu siku hiyo.

Sasa tuje kwa baba mkwe. Mzee huyo anakaa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kituoni. Zamani, Fundi alipoachishwa kazi kiwandani, mkewe na watoto walihamia kwa mzee miezi saba. Mzee aliwalisha wote na hakuuliza hata mara moja wataondoka lini. Mtu akikulishia wanao bila kukuuliza lini, huwezi kumtazama machoni ukamaliza. Na katika miaka kumi na tisa ya ukwe wao, mzee hakuwahi kumwomba mkwewe kitu chochote.

Ndipo siku moja, Daktari akiwa safarini, mzee akatokea getini na koti lake la kwendea misibani, kofia mkononi.

"Mwanangu, mama yako magoti yamemshinda," alisema baada ya salamu. "Na kisima unakijua kilivyo mbali. Nimesikia hapa mnatoa punda."

"Tunatoa, baba."

"Basi kama haitakuwa tabu, nipatie mmoja. Mmoja tu, nisikuchoshe."

Fundi akageuka kuangalia zizi. Waliokuwa peke yao siku hiyo walikuwa watatu: kipofu, mwenye mimba, na mmoja aliyefungwa bandeji mguu mzima. Wazima wote walikuwa wawili wawili. Angeweza kusema, baba, rudi wiki ijayo. Angeweza kusema, baba, kwetu punda hutoka wawili. Ni maneno matano tu, na ameshawaambia watu mia. Lakini uso umeumbwa na haya. Mzee ametembea saa mbili kuomba mmoja. Umwambie nini, abebe na mdomo wa pili wa kulisha? Au umrudishe mikono mitupu, wewe ambaye wanao walikula kwake?

Akachukua fomu. Ilikuwa na swali: "Ana mwenzake?" na visanduku viwili vya kujaza. Akatia alama kwenye Hapana. Mkono wala haukumtetemeka, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Mzee alishika kamba kwa mikono miwili, akashukuru mpaka ikawa karaha, akaondoka na Karani polepole.

Tarishi alilia siku tatu. Mlio wa punda watu huufanyia mzaha, lakini huo haukuwa wa mzaha. Alizunguka uzio mpaka akachimba njia. Siku ya nne akanyamaza, na Fundi, ambaye amewaambia watu mara ngapi kwamba punda aliyenyamaza si punda aliyepona, alijiambia kwamba amepoa.

Daktari aliporudi hakuvua hata mkoba.

"Karani yuko wapi?"

"Amepata kwao, Daktari. Walianza kugombana. Alimng'ata mwenzake sikio, nikaona heri niwatenganishe."

Daktari akamtazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye unayewajua," akasema, akatia sahihi kwenye fomu bila kuisoma.

Heri angemtukana. Fundi alikwenda nyuma ya stoo akajifanya ananoa kisu ambacho kilikwisha nolewa asubuhi.

Nyumbani nako kulikuwa hakukaliki. Mkewe aliimba jikoni. "Baba huko mtaani kwao hasemi jingine," alisema akimpakulia. "Mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile. Eti kwa kuhubiri sifa zako hata padri hamfikii. Leo umemfanya mtu, Fundi." Fundi alikula akiinamia sahani. Kila sifa ilimshuka kooni kama mwiba wa samaki, na hakuweza kuutema maana angeulizwa umeupata wapi.

Siku ya sita mzee akapiga simu.

"Punda mpole huyo, hana neno na mtu. Ila kula, anadonoadonoa kama mgonjwa. Ndivyo walivyo?"

Hapo, hata mtoto angejua la kusema. Daktari alikuwa ofisini, hatua ishirini, ana dawa, ana maji ya kutundika, ana gari. Lakini kumwita Daktari ni kuifungua ile fomu. Fundi akaigeuzia ofisi mgongo.

"Atazoea, baba. Bado mgeni huyo."

"Haya. Wewe ndiye unayejua," mzee akasema, akakata simu akiwa ameridhika.

Siku mbili baadaye mkewe alileta habari mpya: Karani hajagusa kitu tangu juzi, anasimama tu ameelekeza masikio barabarani. Fundi hakulala vizuri. Asubuhi, kabla Daktari hajafika, alimtia Tarishi kamba akatoka naye. Usidhani alikuwa amepata ujasiri. Hesabu yake ilikuwa ya mwizi: Karani akimwona mwenzake atakula, akila atapona, akipona hakuna atakayejua chochote. Hata katika kuokoa alikuwa bado anajificha. Tarishi, ambaye juma zima alikuwa anakokota miguu, njia ile alitembea mbele akimvuta.

Walimkuta Karani amelala ubavuni uani, amefunikwa blanketi. Lilikuwa blanketi la kitandani, lenye maua, ambalo Fundi alilijua maana wanawe walikuwa wakilitumia miezi ile saba. Alikuwa amekata roho alfajiri. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kichwa cha punda, bakuli la uji mapajani, hajakumbuka kuliweka chini.

Mzee alisimama. Hakutoa hata salamu. Aliishika kofia yake mbele ya tumbo, akainamisha kichwa mbele ya mkwewe, mtu mzima mwenye mvi.

"Mwanangu, nimekuangusha. Umeniamini na mnyama wako, nimemuua."

"Baba..."

"Ngoja nikueleze, usije ukadhani tulimtesa. Nilimpa majani mabichi, akakataa. Nikampa pumba. Mama yako amempikia uji amemnywesha kwa mkono usiku kucha. Labda ni maji ya kisima. Labda nilimtwisha mapema. Nilimtwisha madumu mawili siku ya kwanza, sikurudia tena, naapa. Sijui nilipokosea." Ndipo alipomwona Tarishi nyuma ya Fundi, akarudi nyuma hatua moja. "Na wewe hata hukunilaumu. Umeniletea mwingine. Hapana, mwanangu. Mrudishe. Mimi sistahili kupewa mnyama."

Kwa ukweli wa Mungu, Fundi alikuwa amekwisha fungua mdomo kusema, "Si neno, baba, ni kazi ya Mola." Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Yangetosha. Mzee angeyapokea kwa shukrani, angebeba kosa lisilo lake mpaka kaburini, na mkwewe angebaki mtu mwema machoni pa ukoo mzima. Wapo wanaoishi vizuri tu juu ya maneno kama hayo.

Lakini kamba ilimponyoka mkononi. Tarishi alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Karani. Alimnusa pua, akamnusa masikio, akalikamata blanketi kwa meno akalivuta mpaka likaanguka pembeni. Kisha akamgusa ubavu kwa ukwato wa mbele, mara moja, mara mbili, kama anayemwamsha mtu wa kazi. Akatulia, akaweka kidevu chake juu ya shingo ya mwenzake.

Mama mkwe aliliweka bakuli chini. Mzee alitazama punda, akamtazama Fundi.

"Wanajuana?"

"Wanajuana, baba," Fundi akasema, na sauti ilimtoka ndogo hata yeye hakuitambua. "Walikuwa wawili. Wamevuta mkokoteni mmoja maisha yao yote. Sheria ya kituo ni kutowatenganisha, na sheria hiyo mimi ndiye ninayewafundisha watu. Nilijua atasusa chakula. Nilijua, nikaandika uongo kwenye fomu. Daktari nimemdanganya pia. Na uliponipigia simu, nilijua anakufa, nikakwambia atazoea. Wewe hujakosea popote. Hata mama hajakosea. Ni mimi."

Jirani alipita njiani na baiskeli akatoa salamu, hakuitikiwa, akaenda zake. Mzee aliivaa kofia yake taratibu, akaivua, akaivaa tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya, baba. Ulikuja mbali. Na uliomba mmoja."

Mzee akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa na furaha hata chembe. Alimgeukia mkewe, naye mkewe akaangalia pembeni.

"Niliomba mmoja," mzee akasema, "kwa sababu niliona haya kuomba wawili. Tulitaka wawili, mwanangu. Wa maji na wa kuni. Tulikaa hapa na mama yako tukajadili siku nzima. Nikamwambia, mkwe ana shida zake, tusimlemee, nitaomba mmoja." Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. "Nenda ukaangalie."

Fundi Kwato alikwenda. Banda lilikuwa jipya, paa la bati lililopigwa misumari kwa uangalifu wa mtu mzee, sakafu imesawazishwa. Ndani kulikuwa na hori mbili za mbao, zimepangwa bega kwa bega. Moja ilikuwa na majani yaliyonyauka na pumba iliyoanza kuchacha. Nyingine haikuwahi kutiwa kitu, na kwenye pembe zake bado kulikuwa na unga wa mbao uliobaki siku ya kuipiga randa. Aliinama akashika ukingo wake, akasikia mzee akija nyuma yake, na hakujua auelekeze wapi uso.